Si kila jotoardhi ni mvuke

Umeuliza kama jotoardhi ni ya aina moja, tena penye volkano tu. La, kwa yote mawili.

Mvuke mkavu, unaoingia moja kwa moja kwenye turbini (mashine inayozungushwa kuzalisha umeme), ndio mwepesi kutumia lakini ni adimu, kama Larderello (Italia) na The Geysers (California). Kwingi, kama Olkaria (Kenya) na Wairakei (New Zealand), kisima hutoa maji yanayogeuka mvuke presha inaposhuka. Mvuke hutenganishwa, maji hurudishwa ardhini. Hapa ndipo wengi huumia: maji yakipoa mno, silika, madini yaliyoyeyuka ndani yake, huganda na kuziba mabomba na kisima cha kurudishia. Penye maji ya nyuzijoto 100 hadi 180 hivi tu, maji hayo huchemsha pentani, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mvuke wa pentani ndio unaozungusha turbini.

Pwani ya Ghuba ya Meksiko kuna maji moto yaliyobanwa chini ya mashapo, yenye gesi ya methani ndani yake.

Miamba mikavu ya moto iko karibu kila mahali ukichimba kilomita kadhaa, bila volkano. Shida ni kuipasua kwa maji ya presha ili maji yapite ndani na kuchukua joto. Huko Basel (Uswisi) mwaka 2006 kazi hiyo ilizua matetemeko na mradi ukasimamishwa.