Faida ninayoiacha iwe yangu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Je, biashara inayoendeshwa kwa mapenzi, bila kutanguliza faida, inaweza kudumu?" Mimi najibu ndiyo. Ila kuna sharti moja nililolijua baada ya kumuumiza mtu, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Natengeneza video fupi na simulizi za sauti kuhusu maisha ya nje huku kwetu Dodoma: vilima vya mawe, makorongo, mibuyu, ndege wa bwawa la Hombolo, njia za miguu walizopita wazee kabla ya lami. Ni biashara iliyosajiliwa, ina leseni na inalipa kodi. Nilianza kwa sababu wageni wengi wanaujua mji wetu kwa mambo mawili, Bunge na vumbi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 watu wameongezeka mno na viwanja vimepanda bei, lakini unamkuta mtu amekaa Nkuhungu miaka mitano na hajui kilima anachokiona kila asubuhi kinaitwaje. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Hela ya kula haitoki huko. Nina steshenari ndogo karibu na Sabasaba: fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa barua za maombi ya kazi. Jumamosi napiga picha za harusi, sendofu na kipaimara, kwa kamera ileile ninayoingia nayo porini. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, ada ya leseni ilikuwa shilingi 1,000,000, mbali na 100,000 ya maombi. Wakati huo chaneli ilikuwa haijaniingizia hata nauli ya kwenda Kondoa. Nikaacha kuposti, nikapiga harusi mfululizo kwa miezi kadhaa mpaka hela ikatimia. Ningekuwa nasubiri chaneli yenyewe ijilipie leseni, ingefia hapo. Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi ya namna hii namshauri atafute kwanza chungu kingine cha kupikia ugali, tena asikionee aibu.

Ukishakuwa na chungu hicho, unapata muda. Watu hudhani kazi yetu inahitaji vifaa vya gharama. Mimi naona inahitaji zaidi mtu anayeweza kukaa bila haraka.

Mfano ni ua la mbuyu. Hufunguka jua linapozama, jeupe, kubwa kama kiganja, limening'inia kichwa chini. Kesho yake linanyauka na kudondoka. Usiku huo mmoja popo huja kunywa nekta yake, yale maji matamu ya ua, wakaondoka na chavua hadi mti mwingine. Mambo hayo hutokea juu ya vichwa vyetu kila mwaka mvua zinapokaribia, na bado karibu wote niliowauliza, watu waliomung'unya ubuyu tangu utotoni, hawakuwahi kuliona ua likifunguka. Nikaenda Mvumi kwa bibi mmoja mwenye mbuyu nyuma ya nyumba yake. Usiku wa kwanza upepo ulitikisa matawi hadi picha haikufaa. Wa pili betri iliisha kabla ya saa mbili. Wa tatu tuliangalia tawi hili, maua yakafunguka tawi lile. Usiku wa nne ua moja lilianza kutetemeka mbele ya lenzi, petali zikajikunja nyuma polepole, na kabla hatujamaliza kupongezana popo wa kwanza akatua. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, shuka mabegani. Akasema, "Mjukuu wangu, mti huu nimezaliwa nimeukuta, na leo ndiyo nimeuona."

Video yenyewe ni ya dakika nne, usiku mmoja kwa kila dakika. Watazamaji wa wiki ya kwanza walikuwa wachache kuliko wageni wa harusi ya kawaida. Lakini mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi alikuja dukani na flashi akaomba nakala awaonyeshe watoto, nami nilimnakilia bila kumtoza hata senti. Anayeangalia faida kwanza asingekaa usiku wa pili, na kwa hesabu zake asingekosea.

Hali ilikuwa hiyohiyo Haubi, Kondoa, nilikotaka kusikia habari za mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililokuwa limeliwa na mmomonyoko, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973. Mzee niliyeelekezwa kwake alinikaribisha uji, tukazungumzia mvua, basi. Mara ya pili alinionyesha korongo ambalo sasa limeota miti. Ni mara ya tatu ndipo alipokaa, akasema mwenyewe niwashe kamera, akaanza kuwataja ng'ombe wa baba yake kwa majina. Safari tatu, mazungumzo ya nusu saa. Sijawahi kurekodi kitu ninachokithamini kuliko kile.

Sasa lile sharti.

Nilikuwa na msaidizi, kijana aliyemaliza chuo hapa mjini, fundi kweli wa kuhariri. Tulikwenda wote Kilimatinde kupiga picha za ukingo wa Bonde la Ufa, tukazama matopeni Bahi tukifuata ndege wakati wa masika. Nilimpa nauli, chakula na maneno matamu. Kila mara nilimwambia, sisi hatufuati hela, tunafanya kwa mapenzi. Jioni moja tukiwa tunafunga vifaa aliniambia, kwa upole kabisa, "Kaka, mapenzi ni yako. Mimi nadaiwa kodi ya chumba."

Wiki iliyofuata hakuja. Nilikasirika siku mbili, nikimwona hana moyo. Siku ya tatu, nikiwa nahesabu mauzo ya steshenari, aibu ikanishika. Hela zile nilizokuwa nazihesabu ndizo zilizoniruhusu kusema sifuati hela. Yeye hakuwa na steshenari. Mimi nilikuwa nimeacha faida yangu kwa hiari, halafu nikamwachisha na yeye ujira wake bila kumuuliza, nikakuita huko kujitolea.

Nilimfuata kwao Chang'ombe nikamwomba radhi. Tukahesabu pamoja siku alizofanya, nikamlipa kwa awamu tatu. Tangu hapo utaratibu wetu haubadiliki: analipwa msaidizi kwanza, kisha mwongoza njia wa kijijini, kisha bodaboda, kisha bando na betri. Mimi wa mwisho, kama kimebaki kitu. Tulikuwa tukitoa video nne kwa mwezi, sasa tunatoa moja. Wapo wafuasi waliolalamika na wapo walioondoka. Naikubali gharama hiyo.

Sharti lenyewe ni kwamba faida unayoiacha iwe yako. Si ya msaidizi, si ya mzee anayekupa masimulizi ya ukoo wake. Nilivyoendelea nikaona linahusu hata mahali.

Mnaifahamu michoro ya miambani ya Kolo, ambayo iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni zaidi ya mapango 150 yenye michoro, na baadhi wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko yao. Michoro hiyo imevumilia mengi. Wamepita wageni waliomwagia maji ukutani ili rangi ing'ae kwenye picha, na wachimbaji waliofukua sakafu za mapango wakitafuta mali ambayo inasemekana Wajerumani waliificha. Mzee mmoja alitupeleka kwenye mwamba usio na kibao wala mlinzi. Kuna twiga pale, na watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wazi utadhani mchoraji ameinuka tu kwenda kunywa maji. Nilipiga picha, nikashusha kamera, nikakaa kimya muda mrefu.

Baadaye mfanyabiashara mmoja wa safari za watalii aliitaka video hiyo pamoja na maelekezo ya njia. Alitaja bei inayozidi mauzo yangu ya miezi miwili. Sitawadanganya, nililala nikiiwaza. Asubuhi nilimpigia yule mzee. Akaniuliza swali moja tu: "Wakija, nani atakaa nao pale?" Sikuwa na jibu, nikakataa ile hela. Tulichokitoa ni video ya mapango yenye waongozaji, na ndani yake tunamwelekeza mtazamaji apite kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, alipie, aongozane na mwenyeji. Picha za ule mwamba mwingine ninazo kwenye diski, na nakala anayo mzee.

Msomaji mmoja toleo lililopita aliandika kwamba biashara isiyotanguliza faida ni starehe ya wenye nacho. Namheshimu, na kwa sehemu kasema kweli: bila fotokopi nisingekuwa na la kuandika hapa. Lakini wenye nacho hawakukaa chini ya mbuyu wa Mvumi usiku nne. Tulikaa mpiga picha za pasipoti, kijana anayedaiwa kodi, na bibi mwenye shuka.

Kijana amerudi, anakuja Ijumaa na siku za safari. Mwezi ujao tunakwenda Mpwapwa kupanda Kiboriani. Bahasha yake na ya mwongoza njia ziko tayari kwenye droo ya steshenari. Ya betri bado, nasubiri harusi ya Jumamosi.

Msomaji wenu,
Dodoma