Mwanangu anasikiliza nyimbo za visu na bastola, nimnyang'anye simu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Mwanza. Wa kwanza ana miaka 14, tangu wafunge shule hedifoni hazitoki masikioni, ni ngoma za dril, ile rap ya mitaani, za Kenya na za London, wanaimba visu, bastola, kuuana, akimaliza anaingia kwenye gemu la kupiga watu risasi. Juzi mdogo wake wa kike alimzimia simu, akamchapa mkanda mpaka mgongo ukabaki na mistari. Baba yao aliporudi akamchapa naye kwa mkanda uleule, tukaona yameisha. Jirani anasema hizo nyimbo ndo zimemharibu. Nimnyang'anye simu?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza huyo jirani wako hayuko peke yake. Aprili 1999 kule Columbine, jimbo la Colorado, Marekani, wanafunzi wawili waliingia shuleni kwao na bunduki wakaua watu 13 halafu wakajiua, na hazikupita siku nyingi lawama zikamwangukia mwanamuziki Marilyn Manson mpaka akakatisha ziara yake, kumbe baadaye ikaonekana hao vijana wala hawakuwa mashabiki wake. Kwenye magemu ni hivyohivyo, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilisema 2020 kwamba gemu za vurugu zinaweza kumfanya mtu awe mkalimkali, afoke, asukume wenzie, lakini ushahidi kwamba zinazalisha wauaji hautoshi.

Ila sisemi maneno hayana nguvu, hapana! Sisi wa ukanda huu tulisikia redio RTLM ya Rwanda 1994 ilivyokuwa inachochea watu wauawe, na katikati ya hizo habari inapiga nyimbo za Simon Bikindi. Huyo Bikindi alishtakiwa hapahapa Arusha kwenye mahakama ya kimataifa, na Desemba 2008 akapewa miaka 15. Majaji walikubali nyimbo zake zilitumika kupandisha chuki, lakini kilichomfunga ni maneno aliyoyasema barabarani kwa kipaza sauti, Juni 1994, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Yaani kuna wimbo wa ukatili, halafu kuna mtu anakuonyesha nani wa kuuawa, na mauaji yenyewe tayari yanaendelea. Mimi naogopa zaidi hicho cha pili.

Sasa turudi kwenye barua yako maana kuna kitu umekipita haraka. Kwenye nyimbo wanaimba visu na bastola, kwenye gemu ni risasi. Mkanda kautoa wapi?

Mwaka 1961 pale Stanford, mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo wa chekechea mtu mzima anapiga mdoli mkubwa wa upepo, anauponda kwa nyundo, anaurusha juu, anautolea maneno ya ukali. Watoto walipoachwa na mdoli huo wakafanya vilevile, mpaka yale maneno wakayarudia, na wenzao ambao hawakuonyeshwa hivyo walikuwa na nafuu. Mtoto anaiga mkono anaouona, na mkono wa baba yake anauona kila siku mwanangu, huyo wa London hamjui hata sura.

Kwa hiyo simu usimnyang'anye moja kwa moja, mpangie tu muda, usiku ilale chumbani kwako. Na jioni moja kaa naye, chukua hedifoni moja weka sikioni kwako, nyingine abaki nayo, muulize huyu anaimba nini, nani amekufa hapo. Dril ilianzia Chicago, kwenye mitaa ambayo vijana wanazika wenzao kweli, na mtoto akieleza kwa mdomo wake utajua kama anasikiliza mdundo tu au kuna hasira anaitafutia maneno. Ukikuta wanataja kabila au watu fulani wakafanyiwe kitu, hapo zima na umwambie kwa nini.

Baba yao ongea naye mkiwa wawili, sio mbele ya watoto, huo mkanda urudi kwenye suruali na ubaki hukohuko. Halafu yule binti, barua nzima hujasema kama kuna mtu amemuomba msamaha. Anza na yeye leo, kaka yake amuombe radhi mbele yenu, na baba akiweza amwambie huyo kijana kwamba na yeye alikosea.