Goli kwanza, saa baadaye

Wadogo zangu wa bonde la Kerio, mnaruka kwa paraglaida, lile bawa la kitambaa lisilo na injini, vizuri kuliko tulivyoruka sisi tulipoanza. Mabawa yenu ni bora na mikono yenu ni mepesi kwenye breki. Ndiyo maana inaniuma kuwaona, kila taski, yaani safari ya mashindano ya siku, ikiwa ndefu, mkitua kwenye vichaka vilevile, kisha jioni mnalaumu upepo. Hebu tusikizane.

1. Soma taski ubaoni mpaka uielewe. Silinda ya kuanzia, ule mduara wa angani unaowekwa kwenye ramani, ni ya kutoka au ya kuingia? Geti la kuanzia mbio linafunguka saa ngapi? Ukivuka mapema hata kwa sekunde chache, utarudi kuanza upya huku kundi likiyoyoma.

2. Ukiingia kwenye themali, ile hewa ya joto inayopanda, ukakuta watu, zunguka upande wanaozungukia wao. Hilo halina mjadala.

3. Msikimbilie bondeni mapema. Ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua huupiga tangu asubuhi, na hewa yake huamka wakati ya kule chini bado imelala. Iten, mji ulio juu ya ukingo huo, iko karibu mita 2,400, na kutoka hapo hadi sakafu ya bonde ni zaidi ya mita 1,000. Mkiona kimo hicho mnajihisi matajiri, mnaliacha kundi, na kabla ya saa sita mko chini mnakunja bawa juani. Kaeni na wenzenu. Wakitawanyika kutafuta hewa, mmoja wao ataipata.

4. Hili ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu mimi mwenyewe liliniadhibu.

Siku hiyo goli, mahali pa kumalizia, lilikuwa bondeni, na saa ya mbio ilisimama kwenye silinda iliyolizunguka, kilomita kadhaa kabla yake. Tulikuwa watu watatu mbele. Chombo changu cha kupimia safari kikasema nitafika golini nikiwa na mita mia mbili za kimo cha ziada. Wenzangu wakakuta hewa dhaifu, isiyofika hata mita moja kwa sekunde, wakaanza kuizungukia. Nikawaona wazembe. Nikakanyaga spidi baa, kile kikanyagio cha kuongeza kasi, mpaka mwisho, nikapita chini yao, nikaivuka silinda ya saa wa kwanza. Chombo kikalia, na moyo wangu ukalia nacho kwa furaha.

Kisha upepo wa chini ukanijia usoni. Ile namba ya mita za ziada ilikuwa imepigwa kwa upepo wa kule juu na kwa mtelezo niliokuwa nao dakika zilizopita, yaani umbali niliosonga kwa kila mita niliyoshuka. Haikujua chochote kuhusu hewa iliyokuwa inaningoja. Mia mbili ikawa themanini, kisha sifuri, kisha ikageuka nyekundu. Nilitua ng'ambo ya lugga, mkondo wa mto uliokauka, mahali ambapo niliwaona vizuri watu wa goli wakitandaza mabawa yao. Wale wawili wakapita juu yangu polepole, wakatua golini.

Nanyi mnajua hesabu yetu ya pointi: asiyefika goli hapati pointi za muda, hata kama aliivuka silinda ya saa kabla ya wote. Nilibaki na za umbali. Mzee mmoja alinisaidia kutoa kamba kwenye miiba, akaniuliza mbona nina huzuni na nimetua salama. Sikuweza kumjibu.

Kwa hiyo, wadogo zangu, zungukeni ile hewa dhaifu ya mwisho. Mkishavuka silinda ya saa, achieni spidi baa, tafuteni mtelezo mrefu tu. Tena tazameni goli kwa macho yenu: likizidi kupanda mbele yenu, hamtafika, hata chombo kiseme nini. Likishuka, mtafika.

5. Wingu likianza kuwa jeusi tumboni, ondokeni chini yake hata kama mnaongoza. Tarehe 14 Februari 2007, huko Manilla nchini Australia, marubani walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya dunia. Wingu la radi likamnyonya Mjerumani Ewa Wiśnierska mpaka mita 9,946. Alizimia kwa baridi na kukosa oksijeni, akatua hai. Mchina He Zhongpin, aliyenyonywa siku hiyohiyo, hakurudi hai. Hao hawakuwa wanagenzi.

6. Msitue Rimoi, ile hifadhi ya wanyama bondeni. Uwanja unaoonekana mzuri kutoka juu una ndovu. Na mkitua popote pale, tumeni ujumbe kwa watu wa uokoaji kabla ya kukunja bawa, kabla ya soda, kabla ya kupiga picha na watoto waliokuja mbio. Msipofanya hivyo, kuna watu watakaozunguka bondeni na tochi usiku kucha wakiita majina yenu, ilhali ninyi mko hotelini mnakula.