Usikaze nati kabla hujajua bomba la choo linavujia wapi

Bomba la choo likianza kudondosha maji, wengi hukimbilia spana. Wanakaza, wanakaza tena, na maji hayakomi. Nimeshatengeneza viungio vingi vya aina hii, kwangu na kwa ndugu, na ushauri wangu mkubwa ni huu: usiguse nati yoyote mpaka ujue tone linaanzia wapi.

Maji yanaweza kutoka kwenye kiungio cha juu, yakatambaa nyuma ya mpira unaopeleka maji kwenye tangi na kudondokea kwenye nati ya chini ambayo haina tatizo lolote. Kwa hiyo kwanza kausha kila kitu kwa kitambaa: koki, mpira huo, nati zote na sehemu ya chini ya tangi. Kisha zungushia karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungio na usubiri. Itakayolowa kwanza ndiyo yenye jibu. Usitegemee kupapasa, maana vidole vikishalowa kila kitu unakiona kimelowa.

Angalia pia maji yanatoka wakati gani. Yakidondoka muda wote, chanzo kwa kawaida ni upande wa maji yanayoingia, au chini ya tangi lenyewe. Yakitoka pale tu unapoflashi, chunguza kiungio kati ya tangi na choo, au kile cha nyuma kinachoelekea kwenye bomba la maji machafu. Na ukiona vitone vidogo vimetapakaa kwenye tangi zima kwa nje, hasa siku za joto na unyevunyevu, huenda hakuna kinachovuja. Ni mvuke wa hewani unaogeuka matone kwa ubaridi wa maji yaliyomo.

Sasa funga koki, flashi tangi liishe maji, weka ndoo chini, ndipo ufungue nati. Ndani yake utakuta washa, ile pete ya mpira. Hapo ndipo ninapokuta tatizo mara nyingi: mpira umekakamaa, umepasuka ukingoni, au umechimbika mfereji kwa kubanwa miaka mingi. Washa ya namna hiyo hata uikaze vipi haizibi. Nenda nayo dukani upate ya ukubwa uleule, na kabla ya kufunga mpya futa mchanga na kutu pale inapokaa.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba watu huizungusha kila mahali. Kiungio chenye washa hakiihitaji, kwa kuwa kinachoziba ni mpira. Kazi yake ni kwenye thredi za chuma, ile mikato ya kuzungushia, zinazoingiana bila washa, kwa mfano pale koki inapoingia kwenye bomba la ukutani. Elekeza ncha ya thredi kwako, zungusha tepu kufuata mshale wa saa, mizunguko 3 hadi 5, ukiivuta ikae ndani ya thredi. Ukiizungusha kinyume, itafunguka na kujikunja wakati unakaza.

Nati ya plastiki anza kuifunga kwa vidole. Ikigoma mwanzoni kabisa, imeingia upande. Ifungue uanze upya, usiilazimishe. Ikishakaza kwa mkono, iongeze kidogo tu kwa spana, kama robo mzunguko, huku ukishika koki kwa mkono mwingine isizunguke. Nati nyingi za plastiki hupasuka kwa kukazwa mno, na hapo tone linageuka mchirizi. Fungua maji polepole, rudisha karatasi kavu, uiache usiku kucha.

Kiungio cha plastiki kilichounganishwa kwa gundi kina habari nyingine. Kupaka gundi juu ya ufa kwa nje ni kupoteza gundi, kwa sababu hufanya kazi kati ya nyuso mbili kavu na safi zilizoingizwa moja ndani ya nyingine. Kata kipande kibovu, weka soketi mpya, kile kipande cha kuunganishia mabomba, na subiri muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kupitisha maji.

Kiungio cha nyuma cha maji machafu kinataka glavu. Kabla ya kulaumu mpira wake, shika choo ukitikise: kikicheza, mpira mpya nao hautadumu, hivyo kwanza kaza skrubu za chini kidogo kidogo kwa zamu, maana kauri hupasuka. Choo chenyewe kikiwa na ufa, koki ikigoma kufunga, au maji yakichomoza kutoka chini ya sakafu, funga koki kuu ya nyumba na umwite fundi.