Swali la lugha: "Kuchukua mapumziko" na "Pause" ya Wajerumani

Swali: Ninajifunza Kijerumani kwa matumaini ya kwenda kusomea uuguzi Ujerumani. Katika zoezi moja niliandika "Ich nehme eine Pause", nikimaanisha "ninachukua mapumziko", lakini mwalimu alikata "nehme" akaandika "mache". Je, "kuchukua mapumziko" ni Kiswahili sahihi? Na nikiwa kazini, nisemeje ninapotaka kupumzika kidogo?

Jibu: Ndugu msomaji, mwalimu wako yuko sahihi, na kosa lako lilianzia kwenye Kiswahili chako kabla halijafika kwenye Kijerumani. "Kuchukua mapumziko" kumeenea katika vyombo vya habari kwa nguvu ya Kiingereza, ilhali Kiswahili kina kitenzi kinachojitosheleza, yaani kupumzika. Aliyechoka husema "ngoja nipumzike kidogo", na aliye kwenye mkutano husema "tupumzike kwa dakika kumi" au "twende mapumziko", na hakuna anayemwelewa vibaya. Ningekushauri ubaki na maneno hayo.

Kitenzi kuchukua kinakaa vizuri zaidi kwenye likizo, nadhani kwa sababu likizo ni siku ambazo mwajiriwa amewekewa kwa haki yake, naye huzichukua kutoka katika akiba hiyo. Wajerumani nao hutenganisha hivyo hivyo: husema "Ich nehme Urlaub" kwa likizo ya kazi, na "Ich nehme mir einen Tag frei" kwa siku moja ya mapumziko, lakini mapumziko mafupi ya katikati ya kazi ni "Ich mache eine kurze Pause". Ukitaka kutaja muda, utangulize: "Wir machen zehn Minuten Pause". Nomino hiyo ni ya jinsia ya kike, kwa hiyo usiandike "einen Pause". Na katika kuitamka usiipe silabi tatu, bali mbili tu, pau-ze.

Utakapoanza kazi wodini, sentensi utakazozihitaji zaidi ni mbili, nazo ndizo zinazowatatiza wengi. Unapoondoka kwenda kupumzika unamwambia mwenzako "Ich gehe jetzt in die Pause", na ukishakuwa huko, mtu akikutafuta, ataambiwa "Sie ist in der Pause", au "Er ist in der Pause" ikiwa wewe ni mwanamume. Mwendo unaleta "die", na kuwapo mahali kunaleta "der". Sisi tofauti hiyo tunaibebesha kitenzi, "anaenda mapumzikoni" na "yuko mapumzikoni", huku nomino ikibaki vilevile, na ndiyo maana mwanafunzi Mswahili husahau kukibadilisha kibainishi hicho.

Usione haya kuzitamka sentensi hizo. Sheria ya Ujerumani ya saa za kazi ya mwaka 1994 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya dakika 30 akifanya kazi zaidi ya saa 6 na hadi saa 9, na ya dakika 45 akizidisha saa 9. Muda huo unaweza kugawanywa, ila hakuna kipande kinachoruhusiwa kupungua dakika 15. Kwa hiyo "Ich gehe jetzt in die Pause" ni taarifa, na mwenzako hataiona kuwa ukosefu wa adabu, ingawa katika Kiswahili ungelainisha kwa "naomba nikapumzike kidogo". Ikiwa wodi imezidiwa, uliza: "Kann ich kurz Pause machen?"

Ukitaka kusema umepumzisha mwili nyumbani, tumia "sich ausruhen": "Ich habe mich ausgeruht". Na zamu ikiisha kabisa, "Pause" haina nafasi tena, kwa kuwa anayeitamka anatarajiwa kurudi kazini. Anayekwenda zake nyumbani husema "Ich habe Feierabend".