Leza Haiwaki? Pima Kwenye Plagi ya Kichwa

Swali la wiki: "Mashine ya kuchonga kwa leza inafuata mchoro vizuri, lakini ubao unabaki kama ulivyokuwa. Nianzie wapi?"

Anza kwenye plagi ya kichwa (sehemu inayotoa mwanga), kabla hujaagiza kichwa kipya. Nazungumzia leza ya dayodi yenye bodi ya GRBL (programu ya ndani inayoendesha mashine). Plagi hiyo kwa kawaida ina nyaya tatu: chanya (volti 12 au 24), hasi, na ishara ya PWM (mipigo ya haraka ya kuwasha na kuzima) inayoamuru ukali wa mwanga. Feni ikizunguka, ujue tu kwamba umeme umefika. Ishara na dayodi bado hujazipima.

Vaa miwani ya kinga inayolingana na leza yako (nyingi za buluu ni nanomita 450). Miwani ya jua haifai kabisa. Zima mashine, chomoa plagi kichwani, kisha washa. Tazama kama $30 (mpangilio wa GRBL wa kiwango cha juu cha S, yaani nguvu kamili) ni 1000, halafu tuma amri hii (G1 ni mwendo wa kuchonga, M3 huwasha leza, S ni nguvu, F ni kasi):

G1 M3 S500 F1000

Usijaribu kwa M4, amri nyingine ya kuwasha, maana kwenye hali ya leza ($32=1) M4 huzima mwanga kila kichwa kinaposimama, na mashine nzima huonekana mbovu. Hiyo G1 nayo usiiache: katika hali hiyohiyo, M3 ikija baada ya G0 (mwendo wa kuhama bila kuchonga) haiwashi kitu.

Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi, nyingine kwenye PWM. S500 ni nusu ya 1000, kwa hiyo bodi yenye ishara ya volti 5 itasoma karibu 2.5; ya volti 3.3 itasoma karibu 1.65. Pima na chanya pia. Vyote vikiwa sawa, bodi na kebo ni nzima, kasoro iko kichwani.

Ukisoma sifuri, pima palepale kwenye bodi. Ishara ikiwapo huko, kebo imekatika, na huu ndio ugonjwa ninaoushuku kwanza kwa mashine iliyofanya kazi nyingi. Waya hukatikia ndani ya ganda, hasa pale unapopinda nyuma ya plagi, na kwa nje hauonyeshi kitu. Pindapinda kebo taratibu huku ukitazama mita: namba ikirukaruka, umepapata. Bodini nako kukiwa kimya, rudia amri kwanza, kisha ndipo uishuku bodi.

Tuma M5 (amri ya kuzima leza) na uzime mashine kabla ya kurudisha plagi.

Mwanga ukiwapo lakini hafifu, safisha lenzi kwa alkoholi ya isopropili, kisha linganisha $30 na kiwango cha juu cha S kwenye programu ya kompyuta unayochongea. Programu ikiishia 255 na $30 ikiwa 1000, unapata robo tu ya nguvu.

Leza ya CO2 usiipime hivi. Pawasaplai yake hutoa maelfu ya volti, na chaji inaweza kubaki hata baada ya kuzima. Kagua swichi ya mfuniko na kihisi cha maji. Kimojawapo kikikata, mrija wa leza hauwaki.