Kwa nini malipo yanakwama na bajeti ipo?

SWALI: Mimi ni mhasibu mpya wizarani, Dodoma. Fedha zimeidhinishwa, mbona hati zangu za malipo zinarudishwa?

JIBU: Bajeti kupitishwa na Bunge ni ruhusa ya kutumia, fedha zenyewe Hazina huzitoa kwa awamu. Kabla ya kuandaa hati, hakikisha kasma husika (fungu la bajeti la matumizi ya aina moja) ina salio na fedha zake zimeshatolewa. Kasma ya mafuta hailipi posho, hata ikiwa na salio kubwa; kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine kunahitaji kibali kwanza.

Kosa baya zaidi ni kumwagiza mzabuni alete mzigo kwa mdomo tu, kisha oda ikaandikwa baada ya mzigo kufika. Deni hilo halionekani kwenye mfumo wa malipo, na mzabuni ndiye anayeumia. Usisubiri Juni: mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30.